Dosie yenu isilale: namna buro ya sheria inavyounganisha programu zake



Familia zilizohama zinapofika kwa avoka wa msaada wa sheria, mara nyingi wanasikilizwa vizuri, wanaandikwa, kisha wanaenda. Baada ya miezi wanauliza: dosie yetu iko wapi? Mara nyingi haikupotea. Iko ndani ya ordinateri ya buro, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kuifungua siku fulani na kufanya jambo fulani. Katika kurasa hizi tunaeleza njia moja ambayo buro za sheria zinatumia kuzuia hali hiyo: kuunganisha programu ya kesi na programu ya kupanga kazi, ili moja iiambie nyingine bila mtu kuandika mara mbili. Tunawaelezea ninyi, familia na viongozi wa kamati, kwa sababu habari zinazopita katika programu hizo ni za kwenu.

Tuanze na muda, maana sheria haingoji vita viishe. Katika kesi za kiraia huku Kongo, mtu asiyeridhika na hukumu iliyotolewa pande zote zikiwepo ana siku 30 za kukata rufani, tangu siku anapoletewa hukumu hiyo rasmi na mjumbe wa tribinali. Mtoto akizaliwa, Sheria ya Familia jinsi ilivyorekebishwa mwaka 2016 inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha; zikipita, lazima wapitie tribinali. Upande wa udongo ndipo penye uchungu zaidi. Sheria ya udongo ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho ya 1980, ilimpa mwenye haki miaka 2 tu kuomba kufutwa kwa hati iliyoandikishwa kwa ujanja au kwa makosa. Miaka hiyo ilihesabiwa tangu hati ilipotolewa, si tangu siku ambayo mwenye udongo alipata habari. Baada ya hapo alibaki na njia ya kudai fidia, lakini udongo wenyewe haurudi. Fikirini familia iliyokimbia Masisi na kukaa miaka 3 kwa ndugu. Wanaporudi wanakuta mtu mwingine ana hati, na muda umekwisha kabla hawajajua kwamba ulianza. (Marekebisho ya sheria hiyo yamejadiliwa kwa miaka mingi, muulizeni avoka muda unaotumika leo.)

Avoka mmoja mwenye dosie nyingi hawezi kubeba tarehe hizo zote kichwani.

Buro nyingi za nje zinatumia programu iliyotengenezwa kwa ajili ya wanasheria. Inayojulikana sana ni Clio, iliyoanza Kanada mwaka 2008. Ndani yake kila kesi ina namba, majina ya wahusika, karatasi zake, tarehe za tribinali na gharama. Programu ya kupanga kazi ni kitu kingine. Asana, iliyoanzishwa Marekani mwaka huohuo wa 2008, na Trello, iliyotoka 2011, hazijui sheria hata kidogo. Zinajua tu kwamba kuna kazi, kuna mtu wa kuifanya, na kuna siku ya mwisho. Shirika kubwa hupenda programu ya namna hii kwa sababu watu wake wote wanaitumia: avoka, msaidizi wa kijamii, dereva, mtunza pesa. Shida ni kwamba avoka anaandika tarehe upande mmoja, na dereva anayepaswa kumpeleka shahidi anatazama upande mwingine.

Daraja la kati ndilo hii kazi ya kuunganisha. Zapier, iliyoanza mwaka 2011, ni mojawapo ya madaraja hayo. Linafanya kazi kwa agizo la sehemu mbili: «Jambo hili likitokea huku, fanya jambo lile kule.» Daraja linapata habari kwa njia mbili. Ya kwanza, linakwenda kuuliza programu ya kesi kila baada ya dakika chache: kuna kipya? Ya pili, programu ya kesi yenyewe inatuma ujumbe mara tu jambo linapotokea. Njia ya pili ni ya haraka, ingawa kwa kesi ya udongo dakika 15 si kitu.

Tuchukue mfano wa hukumu. Mjumbe wa tribinali analeta karatasi. Karani wa buro anafungua kesi katika programu ya wanasheria na kuandika tarehe ambayo hukumu ilipokelewa. Daraja linaona tarehe hiyo mpya na kutengeneza kazi tatu upande wa pili: siku ya 5, msaidizi wa kijamii aonane na familia na kuwaeleza hukumu, siku ya 10, familia iseme kama inakata rufani, siku ya 20, avoka awe ameipeleka rufani. Zile siku 10 zinazobaki ni akiba, kwa sababu barabara inaweza kufungwa na mtandao unaweza kukatika. Msaidizi akimaliza kazi yake na kuitia alama, daraja linarudisha habari kwenye dosie: familia imeelezwa, tarehe fulani. Avoka anaiona bila kumpigia mtu simu.

Mashine hii inahesabu vizuri, lakini inahesabu kutoka tarehe aliyoiandika binadamu. Karani akiandika siku hukumu iliposomwa badala ya siku ilipoletwa, kazi zote tatu zitakuwa na tarehe zisizo sahihi, na hakuna programu itakayopiga kelele.

Yako mengine ya kuangalia. Daraja likiwekwa kupeleka habari pande zote mbili bila mpaka, kazi moja inazaa kazi upande wa pili, ile nayo inarudi kama kazi mpya, na asubuhi buro inakuta kazi mia za kesi moja. Dawa yake ni kuandika namba ya kesi juu ya kila kazi na kuliagiza daraja: namba hii ikiwa tayari ina kazi hii, usitengeneze nyingine. Halafu kuna saa. Goma na Bukavu ziko saa 2 mbele ya saa ya kimataifa inayotumiwa na seva nyingi. Kinshasa iko saa 1 mbele. Tarehe iliyowekwa saa sita ya usiku kwa saa za Goma, kwa seva bado ni saa nne ya usiku ya jana yake. Hivyo siku ya tribinali inaweza kusogea nyuma siku moja, na familia ikatembea safari ndefu bure. Buro yenye hekima inaandika saa kamili ya kikao na kuijaribu kwanza kwa kesi ya uongo.

Jambo linalotugusa zaidi sisi tunaofanya kazi ya amani ni siri. Kesi ya udongo ina majina: nani amemshitaki nani, shahidi ni nani, anakaa wapi. Programu ya kesi hufunguliwa na watu wachache. Programu ya kazi hufunguliwa na shirika zima, hata kwenye simu ya dereva, na simu huibiwa au hukaguliwa kwenye kizuizi. Daraja likipeleka kila kitu, jina la shahidi linafika mahali ambapo halikupaswa kufika. Kwa maoni yetu, kazi inayovuka daraja iwe na mambo matatu tu: namba ya dosie, tendo la kufanya na siku ya mwisho. «Dosie 47, kuonana na familia, kabla ya Ijumaa.» Yatosha. Kuna madaraja kama n8n, lililotoka Ujerumani mwaka 2019, ambayo shirika linaweza kuyaweka kwenye mashine yake lenyewe, habari zisipite kwa kampuni nyingine. Lakini hapo shirika lazima liwe na fundi, umeme wa uhakika, na nakala ya akiba.

Hata daraja zuri haliwezi kuwapata watu waliohama tena. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa, anwani nyingi zilizokuwa kwenye dosie zikawa za uongo katika siku chache. Kwa hiyo mkifika kwa avoka, ombeni namba ya dosie na muiandike katika daftari, na mwachie namba ya simu ya pili, ya ndugu asiyehama hovyo. Viongozi wa kamati nao waulize buro maswali haya: nani anaona majina yetu? Tarehe ya hukumu inaandikwa na nani, na nani anaihakikisha? Mtandao ukikatika wiki mbili, tarehe za tribinali ziko pia kwenye karatasi? Buro ikisema haina karatasi, iombwe kuchapisha orodha ya tarehe kila Ijumaa na kuibandika ndani ya kabati yenye ufunguo, namba za dosie peke yake bila majina.