Kwa Nini Jeni ya Selimundu Haikutoweka

Baba na mama ni wazima. Mtoto wao wa kwanza ni mzima pia. Lakini wa pili, tangu alipotimiza nusu mwaka, huvimba vidole, hupungukiwa na damu na hulia usiku kwa maumivu ya mifupa. Jamaa za mume huutazama ukoo wa mama kwa jicho baya, na pengine mganga huitwa amtafute mchawi. Elimu ya urithi ina jibu jingine, nalo chanzo chake ni njegere.

Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, aliichavusha mimea ya njegere yenye mbegu za mviringo kwa ile yenye mbegu za makunyanzi. Kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo tu. Kizazi cha pili kilitoa za mviringo 5,474 na za makunyanzi 1,850, yaani takriban tatu kwa moja. Sifa iliyodhaniwa kupotea kumbe ilijificha. Katika maandishi yake ya mwaka 1866 Mendel alieleza kwamba sifa hizo hutawaliwa na vijenzi viwili viwili, kimoja kutoka kwa kila mzazi. Vijenzi hivyo ndivyo viitwavyo jeni.

Ndivyo ilivyo kwa selimundu. Jeni inayohusika huongoza utengenezaji wa himoglobini, protini ichukuayo oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hutofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaliwa na valini. Kosa hilo dogo latosha. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hujipanga kama nyuzi, na chembe hupindika mfano wa mundu, hukwama katika mishipa myembamba na kufa mapema.

Mwenye jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu kwa kawaida haugui, wala hajijui mpaka damu yake ipimwe. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata jeni zote mbili za selimundu. Hapa wanafunzi wengi hukosea (na vielelezo vya vitabuni, vichoravyo watoto wanne, huwasaidia kukosea) wakidhani kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. Sivyo hata kidogo. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Na mtoto mgonjwa amepokea jeni moja kwa mama na moja kwa baba. Ukoo mmoja hauwezi kulaumiwa peke yake.

Lakini jeni iuayo watoto kabla hawajazaa ilipasa kutoweka zamani. Mbona ipo? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za wenyeji wa nchi hiyo mwaka 1949. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria aliona jamii ambazo wabebaji walizidi 20 katika kila watu 100. Katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa haba mno. Mahali pa mbu ndipo palipokuwa na jeni hiyo kwa wingi. Mwaka 1954 alitangaza kwamba wabebaji wana kinga dhidi ya malaria. Huambukizwa, ndiyo, lakini ni nadra kufikia malaria kali. Basi katika nchi za malaria wengi wasiokuwa na jeni hiyo waliuawa na homa, wenye jeni mbili waliuawa na selimundu, na mbebaji akaishi akazaa.

Mtoto mgonjwa huanza kuugua baada ya miezi kadhaa kwa sababu huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo haina kosa hilo, nayo hupungua polepole. Dawa ya hidroksiurea hufanya kazi hasa kwa kuuamsha mwili uitengeneze tena himoglobini hiyo.