Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo asikose sindano
Wazazi, mtoto anayeumwa koo apelekwe zahanati. Koo lisipotibiwa, huweza kufuata homa ya baridi yabisi: viungo huvimba, kisha vali za moyo, yaani milango ya kupitishia damu, huharibika. Vali hizo dawa haizirudishi kuwa nzima. Ila sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 huzuia homa isirudi kuziharibu zaidi. Wengi wanaiacha, kwa kuwa mtoto anacheza mpira kama wenzake. Sindano ni ya miaka mingi, hata akionekana mzima. Ikiangukia siku ya mgawo, mwombe jirani akushikie foleni. Ukihama kambi au kurejea nyumbani, beba kadi yake. Akivimba miguu, au akishindwa kulala chali kwa kuhema, mpeleke usiku huo huo.