Lenzi Kongwe katika Kamera za Dijitali: Suala la Upatanifu

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Katika taaluma ya upigaji picha, kauli hii ina mashiko, ila si katika kila kamera. Lenzi iliyoundwa nusu karne iliyopita yaweza kutoa picha maridhawa katika kamera moja ya dijitali, na katika nyingine isifae kitu. Makala hii inanuia kufafanua chanzo cha tofauti hiyo.

Msingi wa suala hili ni umbali. Kila aina ya kamera ina kipimo maalumu baina ya kifungio cha lenzi na mahali taswira inapoangukia. Zamani mahali hapo palikuwa na filamu. Sasa pana sensa. Katika kamera za kioo, mpigapicha huona kupitia lenzi yenyewe kwa msaada wa kioo ambacho huinuka picha inapopigwa. Sharti basi umbali huo uwe mkubwa ili kioo kipate nafasi. Kwa Nikon ni milimita 46.5, kwa Canon za kifungio cha EF ni milimita 44. Kwa hivyo, lenzi ya Nikon huweza kufungwa kwenye kamera ya EF kwa pete nyembamba inayofidia milimita 2.5. Kinyume chake hakifai: lenzi hukaa mbali mno na sensa, na vitu vya mbali huonekana kwa ukungu.

Kampuni hizi mbili zilifuata njia tofauti. Mnamo 1987, Canon iliacha kifungio cha FD, chenye umbali wa milimita 42, ikaleta EF. Faida yake ilikuwa kubwa: kila lenzi ya kujilenga ilipewa mota yake, na mawasiliano yote na kamera yakawa ya umeme. Gharama ilibebwa na wenye lenzi za FD, ambazo hazikuweza kulenga vitu vya mbali katika kamera mpya bila kipande cha kioo cha ziada.

Nikon, kwa upande wake, ilidumisha kifungio cha F tangu 1959. Hata hivyo, uaminifu huo haukuwa kamili. Lenzi zilizotangulia mfumo wa AI wa 1977 huweza kuvunja kijiwenzo kilichoko kwenye ukingo wa kamera nyingi zilizofuata. Aidha, kamera ya D40 ya 2006 haina mota ya kulenga, wala haipimi mwanga kupitia lenzi zisizo na elektroniki. Ajabu ni kwamba, kwa kuwa haina kijiwenzo hicho, kamera hii ya bei nafuu huzipokea lenzi kongwe kabisa bila madhara. Df ya 2013 ilitatua tatizo hilo kwa kijiwenzo kinachokunjika.

Fauka ya hayo, sensa nyingi ni ndogo kuliko filamu. Lenzi ya milimita 50 katika D40 huonyesha eneo sawa na lile la lenzi ya milimita 75 katika kamera ya filamu.

Mwaka 2018, Canon na Nikon zilizindua kamera zisizo na kioo zenye sensa kubwa kama filamu, na umbali ukapungua hadi milimita 20 na 16 mtawalia. Nafasi ya pete ikapatikana. Lenzi za FD zilizotengwa 1987 sasa hulenga hadi upeo wa macho katika kamera za kampuni iliyozitenga, ingawa ni kwa mkono wa mpigapicha mwenyewe. Dhahabu haikuwa imechujuka. Ilikosa tu mahali pa kukaa.