Matarishi wa Ubongo Tumboni mwa Mama

Mishipa ya fahamu hupeleka habari kama waya za simu, lakini waya hizo kwa kawaida hazikuungana. Kati ya seli moja na nyingine pana mwanya mwembamba mno, na habari huuvuka kwa kubebwa na kemikali. Hao ndio matarishi wa mwili.

Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1921 na Otto Loewi, mjini Graz, Austria. Aliusisimua kwa umeme mshipa wa fahamu wa moyo wa chura, na mapigo yakapungua. Kisha aliyachota maji ya chumvi yaliyokuwamo ndani ya moyo ule, akayatia katika moyo wa chura wa pili, ambao mshipa wake haukuguswa. Huo nao ukapunguza mapigo! Tarishi huyo alikuja kujulikana kuwa ni asetilikolini. Loewi alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1936, pamoja na Henry Dale wa Uingereza. Miaka miwili baadaye Wanazi walimfunga, wakamlazimisha kuzisalimisha fedha za tuzo hiyo.

Linalowapasa wazazi kulijua ni kwamba, kwa mtoto aliye tumboni, matarishi hawa huanza kazi ya ujenzi kabla ya kazi ya kupeleka habari. Bomba litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga yapata siku ya 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajitambua. Baadaye seli changa huongezeka, huhama na kuchipua matawi, na kemikali zilezile huziongoza. Uchunguzi wa wanyama umeonyesha ajabu moja: GABA, ambayo hutuliza seli za ubongo uliokomaa, huziamsha zile changa.

Kwa hiyo anayemwigiza tarishi huharibu jengo zima. Nikotini ya tumbaku hupita kondo la nyuma na kukalia mahali pa asetilikolini. Pombe, iwe ya chupa au ya kienyeji, huvuruga kazi ya GABA. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, walieleza madhara yake kwa watoto: uso usio wa kawaida, kimo kidogo na akili iliyodumaa. Hakuna kipimo cha pombe kijulikanacho kuwa salama kwa mja mzito. Naye mume avutaye sigara chumbani humvutisha mkewe, na nikotini ya moshi huo humfikia mtoto pia.