Uandishi Usio wa Mkono Mmoja: Changamano la Kutia Metili katika RNA ya Binadamu

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa biolojia ya molekuli huyaeleza mabadiliko ya kikemia ya RNA kwa sitiari ya maandishi: kuna protini “waandishi”, “wafutaji” na “wasomaji”. Sitiari hii husaidia kufahamisha, lakini pia yaweza kupotosha. Makala haya yanaeleza utendaji wa changamano moja la protini, kisha yanaitazama upya sitiari hiyo katika sura yake ya Kiswahili.

2.0 Alama na Uwekaji Wake

Mwaka 1974 ilibainishwa kuwa, katika RNA mjumbe ya mamalia, baadhi ya adenosini hubeba kundi la metili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, kwenye nitrojeni ya nafasi ya 6. Alama hiyo haibadilishi mfuatano wa herufi za RNA. Linaloathiriwa ni mwenendo wa ujumbe wenyewe, ukiwamo muda wa kudumu kwake. Mathalani, mwaka 2014 ilionyeshwa kuwa protini YTHDF2, ambayo ni “msomaji”, huharakisha kuvunjwa kwa RNA yenye alama. Kabla ya hapo, mwaka 2011, ilithibitika kuwa kimeng’enya FTO chaweza kuiondoa.

Kiini cha changamano linaloweka alama ni protini mbili zilizoungana: METTL3 na METTL14. Kwa kuwa zinashabihiana, ilidhaniwa kuwa kila moja ni kimeng’enya kamili. Uchunguzi wa maumbo yao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha vingine. METTL3 ndiyo huishika S-adenosilimethionini, molekuli itoayo metili, na kuhamisha kundi hilo. METTL14 haihamishi chochote. Huisaidia METTL3 kuishika RNA na huimarisha umbo lake. Hata hivyo, METTL3 ikiwa peke yake huwa dhaifu mno. Protini ya tatu, WTAP, huwaelekeza wawili hao kwenye sehemu maalumu ndani ya kiini cha seli.

Umuhimu wa kazi hiyo si mdogo. Viinitete vya panya visivyo na METTL3 hufa mapema, na seli za aina fulani ya saratani ya damu huitegemea protini hiyo ili ziendelee kuongezeka. Ndiyo sababu dawa za kuizuia zinachunguzwa.

3.0 Suala la Istilahi

Neno “kimeng’enya” limetokana na kitenzi “meng’enya”, chenye dhana ya kusaga na kuvunjavunja chakula. METTL3 haivunji kitu, inaongeza. Hata hivyo, matumizi yamekwisha kuipanua maana ya neno hilo, na hakuna haja ya kulibadili. Tatizo kubwa zaidi lipo katika “mwandishi”. Ngeli ya A-WA humleta mtu mwenye nia, tena mmoja, ilhali hapa hakuna nia wala upweke. Umbo “kiandishi”, kwa mfano wa “kichocheo”, lingefaa zaidi, mradi litaje changamano zima. Kuiita METTL14 peke yake “kiandishi” ni kosa la kisayansi, si la kimtindo tu.

4.0 Hitimisho

Istilahi haifuati sayansi kwa nyuma tu. Humwongoza mwanafunzi katika kuielewa. Iteuliwapo bila kuzingatia utendaji wa kinachotajwa, hufundisha kosa kabla ya somo kuanza.