Kaburi Tupu: Filamu Inayowauliza Waliobaki Nyumbani

Mkazi wa Mbinga au Mbamba Bay anayefika Songea mjini hana budi kusikia habari za Makumbusho ya Majimaji, penye kaburi la pamoja la wapiganaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Watoto hupelekwa pale, wakaonyeshwa silaha na sanamu za manduna. (Sisi Waislamu tuna yetu ya kusema kuhusu masanamu, leo tuyaache.) Lakini liko swali ambalo jiwe halilijibu: wake, wazee na watoto wa watu wale yaliwafika yapi?

Filamu ya matukio halisi The Empty Grave, yaani Kaburi Tupu, imelishika swali hilo. Waliyoitengeneza ni Cece Mlay, Mtanzania, na Agnes Lisa Wegner, Mjerumani, nayo ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin, Februari 2024. Hakuna mapigano ndani yake. Tunamwona John Mbano na mkewe, Cesilia Mollel, wakitafuta kichwa cha babu wa ukoo, Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake. Baada ya kunyongwa alikatwa kichwa, na ukoo unaamini kilipelekwa Ujerumani, ambako wataalamu wa zama zile walikusanya na kupima mafuvu ya watu waliotawaliwa. Pamoja nao wamo akina Kaaya wa Meru, nao wakiwa na msiba wa namna hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu, ubora wa filamu hii ni kuikalia familia. Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, viliua kwa njaa kuliko kwa risasi: askari wa mkoloni walichoma vijiji, mashamba na maghala ya nafaka. Wako wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000. Wengi wao hawakushika mkuki. Hata hivyo, ukimtoa Nduna Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja na wanaume, ni wanawake wangapi wa vita vile tunaowajua kwa majina?

Pwani yetu ya Nyasa ina usahaulifu wa aina hiyo. Liuli hutajwa kwa sababu ya tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko. Wapagazi waliokufa kwa maradhi na uchovu katika miaka iliyofuata hawana msimulizi.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuwakatakata maiti wa vitani. Tena jeneza la Myahudi lilipopita alisimama, na alipoulizwa akawakumbusha masahaba kuwa yule naye alikuwa nafsi. Basi Mwislamu hahitaji kuuliza dini ya Nduna Songea ili auelewe uchungu wa ukoo uliozika mwili usiotimia. Mzazi anaweza kuitazama filamu hii pamoja na watoto wakubwa, akiwa tayari kwa maswali mazito.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akakutana na kizazi cha Nduna na kuomba msamaha. Aliahidi kusaidia kukitafuta kichwa. Filamu ilipotoka miezi mitatu baadaye, kilikuwa bado hakijapatikana.