Mwanya Kati ya Neva na Misuli: Mahali Dawa na Sumu Zinapokutana

Mtu akishameza chakula hana tena amri juu yake. Hawezi kuuagiza utumbo uongeze mwendo, wala kuuzuia. Kadhalika hapana awezaye kwa hiari yake kupanua mboni ya jicho lake, au kulegeza njia za hewa zilizobana wakati wa ugonjwa wa pumu. Kazi hizo ni za misuli laini, yaani misuli isiyoonyesha michirizi inapotazamwa kwa hadubini. Imo katika kuta za tumbo na utumbo, katika kibofu, mji wa mimba, mishipa ya damu, njia za hewa na ndani ya jicho.

Lakini misuli hiyo isiyotii hiari ya mwenyewe hutii kiasi kidogo sana cha dawa. Matone machache ya atropini yakitiwa jichoni hupanua mboni, na huweza kupita siku kadhaa kabla haijarudi katika hali yake. Ili kufahamu sababu yake, yafaa kwanza kuuliza: amri ya neva huufikiaje msuli?

Ujumbe wa kemikali

Ndani ya neva ishara husafiri kwa njia ya umeme. Zamani wataalamu wengi walidhani kwamba umeme huo huruka moja kwa moja na kuingia katika msuli. Mwaka 1921, katika mji wa Graz nchini Austria, Otto Loewi alifanya jaribio lililobadili mawazo hayo. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akaiacha ikipiga ndani ya maji ya chumvi. Neva ya moyo wa kwanza ilipochochewa, moyo huo ulipunguza mwendo. Kisha Loewi akachukua maji yaliyokuwa katika moyo wa kwanza, akayatia katika wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna neva yake iliyoguswa. Ilikuwa dhahiri kwamba neva ilitoa kitu fulani kilichoingia katika maji.

Kitu hicho baadaye kilitambulikana kuwa asetilikolini, kemikali ambayo Henry Dale wa Uingereza alikwisha kueleza athari zake mwaka 1914. Wataalamu hao wawili walitunukiwa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Moyo si msuli laini, lakini kanuni iliyogunduliwa ni ile ile: kati ya neva na msuli kuna mwanya mdogo mno, na ujumbe huuvuka kwa kemikali.

Katika misuli laini, ncha za neva zina vifundo vilivyopangana mfano wa shanga katika uzi. Ndani ya kila kifundo mna vifuko vidogo vilivyojaa kemikali. Ishara ya umeme inapofika, chembe za kalisi huingia katika kifundo, na vifuko humwaga kemikali yake katika mwanya. Kemikali huvuka, ikashikamana na vipokezi vilivyo juu ya seli za msuli, kama ufunguo uingiavyo katika kufuli. Hapo ndipo seli inapopata habari.

Yafaa ikumbukwe kwamba ufunguo mmoja huweza kufungua milango tofauti. Asetilikolini hupunguza mwendo wa moyo, lakini huukaza msuli wa utumbo, wa kibofu na wa njia za hewa. Tofauti haitokani na mjumbe, bali inatokana na aina ya kipokezi na mambo yanayofuata ndani ya seli. Tena mjumbe huyu si wa pekee. Kundi jingine la neva hutumia noradrenalini, ambayo hukaza mishipa mingi ya damu na kupanua mboni ya jicho.

Ujumbe ukishafika hauna budi kufutwa, la sivyo msuli ungekaa umekazwa bila kupumzika. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho huivunja asetilikolini kwa haraka ya ajabu: molekuli moja ya kimeng'enya huvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde moja.

Njia tatu za kuuingilia ujumbe

Kutokana na maelezo hayo, mwanafunzi anaweza kubashiri mwenyewe jinsi dawa ziwezavyo kufanya kazi.

Kwanza, dawa inaweza kumwiga mjumbe. Pilokapini, itokayo katika mimea ya Brazili, hushika vipokezi vya asetilikolini na kuvichochea. Hukaza misuli ya ndani ya jicho na kusaidia maji yaliyozidi humo yapate kutoka, kwa hiyo imetumika kutibu ugonjwa wa presha ya jicho. Salbutamoli, dawa ya pumu, huchochea vipokezi vya jamii nyingine, vile vya adrenalini, na misuli ya njia za hewa ikalegea.

Pili, dawa inaweza kukikalia kipokezi bila kukichochea, mfano wa ufunguo uingiao katika kufuli usizunguke. Mjumbe akija hukuta nafasi imekwisha kuchukuliwa. Ndivyo ifanyavyo atropini.

Tatu, dawa inaweza kukizuia kimeng'enya kisifute ujumbe. Mfano mashuhuri umetoka Afrika. Huko Calabar, katika Nigeria ya leo, watu walioshtakiwa walinyweshwa maji ya mbegu fulani yenye sumu ili ijulikane kama wana hatia. Mbegu hizo zilifikishwa Uskoti, na mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa Edinburgh, alizijaribu mwilini mwake akaugua vibaya. Mwaka 1864 wataalamu walifaulu kutenga sumu yake, ambayo leo huitwa fisostigmini. Mwaka huo huo daktari mmoja wa Prague alitumia maji ya mbegu hizo kuwatibu watu waliodhurika kwa atropini. Sumu moja ilitumika kupingana na nyingine, miaka mingi kabla ya kujulikana kwamba zote mbili hufanya kazi katika mwanya ule ule.

Hatari iliyo shambani

Elimu hii haihusu historia peke yake. Baadhi ya dawa za kuua wadudu zitumiwazo mashambani, zile za jamii ya oganofosfati, hukizuia kimeng'enya cha kolinesterasi kama ifanyavyo fisostigmini, lakini hushikamana nacho kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Huingia mwilini kwa kumezwa, kwa pumzi, na hata kwa kupita katika ngozi isiyojeruhiwa.

Dalili za sumu hiyo zaweza kutabiriwa na yeyote aliyefahamu habari za mwanya. Asetilikolini hujaa pasipo kufutwa. Mboni za macho husinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Mate, machozi na jasho hutiririka. Tumbo husokota, mgonjwa akatapika, akaharisha na kushindwa kuzuia mkojo. Njia za hewa hubana na kujaa majimaji, na mara nyingi moyo huenda polepole. Misuli ya hiari nayo hutetemeka, kisha hulegea. Mgonjwa akifa, kwa kawaida hufa kwa kukosa pumzi.

Hospitalini mgonjwa huyo hupewa atropini kwa sindano. Haikifufui kimeng'enya, bali huvifunika vipokezi ili asetilikolini iliyojaa isiwe na pa kushika. Daktari huendelea kuitoa mpaka majimaji ya mapafuni yakauke na moyo urudi katika mwendo wake. Lakini vipokezi vya misuli ya hiari ni vya aina nyingine, na atropini haivigusi. Kwa hiyo misuli ya kifua ikilegea, mgonjwa hana budi kusaidiwa kupumua kwa mashine. Hii ndiyo sababu haifai kungoja nyumbani. Nguo zenye sumu zivuliwe, ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi, naye anayesaidia ajikinge mikono. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia, pamoja na chupa au kibandiko chenye jina la dawa.

Onyo jingine linahusu upande wa pili. Mmea wa datura, unaoota ovyo kandokando ya barabara na mahali penye takataka, una atropini na kemikali za jamii yake. Wako vijana walioula kwa mzaha. Kinywa chao hukauka, mboni hupanuka, moyo huenda mbio, mkojo huziba na akili huvurugika, na wengine hupoteza maisha. Dozi kubwa imfaayo aliyejaa asetilikolini yaweza kumwangamiza mtu mzima wa afya.

Jaribio la darasani

Jambo hili laweza kuonekana darasani bila dawa yoyote. Mwanafunzi mmoja aelekee dirishani, lakini asilitazame jua, na afunike macho kwa viganja kwa muda wa nusu dakika. Anapoviondoa, mwenzake atazame mboni: itasinyaa mara moja. Katika muda huo mfupi neva imemwaga asetilikolini, na msuli wa mviringo wa jicho umekazwa. Kisha mwalimu aulize: mboni ingefanya nini kama vipokezi vingekuwa vimefunikwa na atropini? Na ingekuwaje kama kimeng'enya kingekuwa kimezuiwa na dawa ya wadudu? Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo mawili kwa kutoa sababu, bila kukariri, atakuwa amefahamu kwa nini daktari anayepokea mgonjwa kutoka shambani huanza kwa kummulika machoni.